Anayechimba Shimo Naye Ausome Mchoro

Mawasiliano yanapokatika kati ya Pemba na miji ya kaskazini mwa Cabo Delgado, swali la kwanza linaloulizwa ofisini ni hili: "Mashine inasema kilomita ya ngapi?" Namba ikishatajwa, upande wa ofisi kazi imekwisha. Gari linatafutwa, askari wa kusindikiza wanaombwa, nasi tunapanda na sururu na makoleo yetu kwenda kufukua. Swali la pili haliulizwi: nani ameisoma mashine hiyo, na ameisomaje? Leo tunataka kulizungumza swali hilo la pili, kwa sababu tumechoka kuchimba mahali pasipo na ubovu, na tumechoka zaidi kulaumiwa kwa ubovu usiokuwapo.

Jambo hili si dogo. Pwani yetu imepigwa na mengi. Vita vilianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kilifika tarehe 25 Aprili 2019 na kuziumiza vibaya Macomia na Ibo. Mji wa Mocímboa ulikuwa mikononi mwa waasi tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na simu zikakatika; watu wakawa wanawatafuta ndugu zao bila kujua nani yu hai na nani amekwisha. Aliyepitia siku zile hahitaji kuelezwa thamani ya waya. Hivi sasa watu wamerudi na wanaendelea kurudi. Mwenye duka anategemea pesa ya simu, mvuvi anauliza bei kabla ya kupeleka samaki, mganga wa zahanati anaomba dawa. Kazi ya gesi huko Afungi, iliyosimama mwaka 2021, ilitangazwa mwaka 2025 kuwa inarudi. Wote hao wanasimama juu ya nyuzi chache za kioo, na nyuzi hizo zinatengenezwa na mikono yetu.

MASHINE INAFANYA NINI

Wapo wenzetu walioshika sururu kwa miaka bila mtu yeyote kuwaeleza mashine ya OTDR inafanya kazi gani. Tuieleze kwa ufupi, maana asiyejua kazi ya chombo hawezi kubishana na mwenye chombo.

Faiba ni uzi wa kioo. Pamoja na ganda lake la kioo ina unene wa maikromita 125, yaani kama unywele, na njia ya mwanga iliyo katikati ni kiasi cha maikromita 9 tu. OTDR hutuma ndani yake mpigo mfupi wa mwanga, kisha hungoja na kupima kinachorudi. Njia hii ilielezwa na Barnoski na Jensen huko Marekani mwaka 1976, na msingi wake ni ule ule hadi leo. Ni sawa na mtu anayepiga ukelele kuelekea mwamba, akahesabu muda mpaka mwangwi urudi. Ndani ya kioo mwanga huenda kiasi cha kilomita 204,000 kwa sekunde. Kwa kuwa lazima uende na kurudi, kila maikrosekunde moja ya kungoja huhesabiwa kuwa mita 102 za uzi.

Kinachorudi ni cha aina mbili. Kwanza, kioo chenyewe hurudisha mwanga kidogo sana kutoka kila mahali. Huo ndio mstari unaoteremka polepole katika mchoro; kwa mwanga wa nanomita 1550 hushuka kiasi cha desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Pili, mahali penye mpaka kati ya kioo na kitu kingine, hasa hewa, mwanga mwingi hurudi kwa mkupuo mmoja. Hapo mstari huruka juu ghafla na kusimama kama mnazi uliobaki peke yake shambani. Hicho ndicho kilele cha mwakisiko.

Jambo hili si geni. Simama usiku dirishani ukiwa na taa nyuma yako, utajiona ndani ya kioo, ingawa mwanga mwingi umepita nje. Mfaransa Fresnel, yule yule ambaye lenzi zake ziliwekwa katika minara ya taa ya mabaharia, ndiye aliyetoa hesabu yake katika karne ya 19. Kwa faiba iliyokatwa wima na kutazamana na hewa, kinachorudi ni kiasi cha sehemu 3.6 katika kila 100. Mafundi huandika desibeli kutoa 14. Konekta nzuri ya buluu hurudisha kidogo zaidi sana, kiasi cha kutoa 50. Konekta ya kijani, ambayo uso wake umesagwa kwa mshazari, hufika kutoa 60 au chini ya hapo. Na kiungo kilichoyeyushwa vizuri kwa mashine ya kuungia hakitoi kilele, maana hapo kioo kimekuwa kimoja.

KILELE SI HUKUMU

Sasa tufike kwenye kiini. Ofisi nyingi zina mazoea ya kuona kilele na kusema: hapo ndipo palipokatika. Tunasema wazi kwamba mazoea hayo ni makosa, na makosa hayo yanalipwa kwa jasho letu.

Kwanza, kilele hakimaanishi lazima kwamba waya umekatika. Konekta nyingi hutoa kilele, hata zilizo nzima. Konekta yenye vumbi hutoa kikubwa zaidi. Konekta ya kijani ikichomekwa kwenye ya buluu, nyuso haziketi pamoja, hewa inabaki katikati, na mashine inaonyesha mnazi mrefu. Hapo dawa ni kitambaa safi na macho ya mtu anayetofautisha rangi. Sururu haina kazi.

Pili, na hili ni la hatari zaidi, waya unaweza kuwa umekatika na kilele kisionekane. Kioo kilichopasuliwa na jembe la trekta au kilichoungua ndani ya nyumba iliyochomwa hakikatiki wima. Uso wake huwa na makovu na mshazari, na mwanga hutawanyika pembeni badala ya kurudi. Na waya uliokatikia kwenye maji, kama kando ya mto au kwenye mikoko, ncha yake hugusana na maji badala ya hewa. Hapo hata uso uliokatika wima hurudisha kiasi cha sehemu 2 tu katika kila 1,000, yaani desibeli kutoa 26. Mstari unaanguka tu kimyakimya na kupotelea katika chakarachakara za mwisho wa mchoro. Anayetafuta kilele peke yake atapita juu ya mkatiko huo asiuone. Vivyo hivyo kwa waya uliobanwa na jiwe au uliopindwa mno ndani ya boksi la viungo: hautoi kilele, hutoa ngazi ya kushuka tu, na ngazi hiyo huwa kubwa kwenye nanomita 1550 kuliko kwenye 1310. Ndiyo maana kupima kwa rangi moja ya mwanga hakutoshi.

Tatu, kuna vilele hewa. Sote tunajua mfanyakazi hewa ni nani: yumo katika orodha ya mishahara, lakini kazini hayupo. Kilele hewa ni hivyo hivyo. Mwanga ukirudishwa kwa nguvu na konekta chafu, hufika kwenye mashine, hugonga konekta ya mashine yenyewe, na kurudi tena safari ya pili. Mashine haijui kwamba ni mwanga ule ule. Huhesabu muda na kuuchora mbali mara mbili ya pale ulipotoka. Dalili zake ni mbili: umbali wake ni maradufu ya kilele kingine kikubwa, na baada yake mstari haushuki, unaendelea palepale ulipokuwa.

Tuna sababu ya kulieleza hili kwa urefu. Kikundi kimoja cha wenzetu kilitumwa kufukua kwenye kilomita 28.4, kwa sababu mchoro ulionyesha vilele viwili, kimoja kwenye 14.2 na kingine kwenye 28.4. Ofisini walisema cha kwanza ni cha kawaida, maana hapo pana kituo na konekta. Cha pili hakikuwa katika kumbukumbu, kwa hiyo lazima ndicho ubovu. Wenzetu walichimba siku nzima na nusu ya siku ya pili, chini ya jua, askari wamesimama juu yao na kutazama vichaka. Waya walioufukua ulikuwa mzima kama siku ulipozikwa. Mzee mmoja wa kikundi, fundi wa waya za shaba tangu ujana wake, akaomba aonyeshwe mchoro. Akauliza jambo moja tu: "Kumi na nne nukta mbili mara mbili ni ngapi?" Walirudi kituoni, wakafungua konekta, wakaifuta kwa kitambaa na spiriti. Vilele vyote viwili vikapungua pamoja, na mawasiliano yakasimama sawasawa. Siku na nusu ya hatari ilitokana na vumbi la ukubwa usioonekana kwa macho, na hesabu ya darasa la pili ambayo hakuna aliyeifanya.

UREFU NA UMBALI NAVYO VINADANGANYA

Yapo mambo mengine mawili ambayo kila kiongozi wa kikundi angepaswa kuyajua.

La kwanza ni urefu wa kilele. Watu husema kilele kirefu ni ubovu mkubwa. Lakini fundi akitumia mpigo mrefu, mstari wa chini huinuka, na kilele kile kile huonekana kifupi juu yake. Akitumia mpigo mfupi, kinarefuka. Na kilele kikiwa na nguvu kupita uwezo wa mashine, hukatwa kichwa na kuwa bapa juu. Hicho hakipimiki kabisa, na namba inayoandikwa pembeni yake haina maana. Zaidi ya hayo, nyuma ya kila kilele kuna eneo la upofu. Mpigo wa maikrosekunde 10 hufunika kiasi cha kilomita 1 nzima. Katika njia zetu, ambazo zimeungwaungwa upya baada ya kimbunga na vita, viungo viwili au vitatu vinaweza kuwa ndani ya kilomita hiyo moja, na mashine ikavionyesha kama kimoja.

La pili ni umbali. Mashine haipimi barabara, inapima muda ndani ya kioo. Ili kuugeuza muda kuwa mita, lazima iambiwe namba ya kioo hicho, ambayo kwa kawaida ni karibu na 1.468. Ikikosewa kwa 0.01 tu, kwenye kilomita 60 kosa ni kama mita 400. Tena uzi wa faiba ni mrefu kuliko waya unaoubeba, na waya ni mrefu kuliko barabara, kwa sababu kila shimo limeachiwa mizunguko ya akiba. Kwa hiyo mtu akituambia "chimbeni kwenye kilomita 52 na mita 310", anatutajia namba iliyo sahihi kwenye kioo na isiyo na maana kwenye udongo, mpaka ilinganishwe na kiungo cha karibu kinachojulikana mahali kilipo.

Mita 400 ni nini? Kwa aliye mezani ni upana wa kidole katika mchoro. Kwetu ni mchanga, mizizi na mawe ya matumbawe, na saa za ziada katika barabara ambayo wengine hawakurudi kutoka kwake. Barabara ya N380, kutoka Macomia kuelekea Awasse, imeshambuliwa mara nyingi tangu vita vianze. Hatudai kwamba mashine ndiyo iliyoleta vita. Tunadai kwamba mtu asipelekwe huko kwa uvivu wa kusoma.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Tunajua tutakavyojibiwa. Watasema mashine za leo hujisomea zenyewe, zikatoa orodha ya matukio na umbali wake. Ni kweli, na orodha hiyo inasaidia. Lakini orodha hutengenezwa kwa kipimo ambacho mtu amekiweka: kilicho chini ya kipimo huachwa, na kilicho juu huandikwa, kiwe kweli au hewa. Mashine haijui kwamba mwezi uliopita maji ya mto yalipanda, wala kwamba pale kwenye kona trekta lilipita juzi. Sisi tunajua. Kuweka ujuzi huo nje ya hesabu ni kuutupa.

Watasema pia kwamba wafanyakazi hawana elimu ya kutosha. Je, elimu hiyo imetolewa lini tukaikataa? Vitabu vya mashine vimeandikwa Kiingereza na Kireno. Vikundi vyetu vinazungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili. Mambo yote tuliyoyaeleza hapo juu tumeyaeleza kwa Kiswahili, na msomaji ameyaelewa. Kumbe tatizo si akili za watu.

Nasi tujikosoe. Wapo kati yetu wanaofunga konekta bila kuifuta kwa sababu jioni imefika. Wapo wanaomaliza kiungo na kuondoka bila kuhifadhi mchoro wala kuandika alama ya mahali. Wapo wanaochungulia ndani ya konekta kwa jicho, wakati mwanga huo hauonekani na unaweza kuumiza jicho bila mtu kuhisi. Hatuwezi kudai heshima ya fundi huku tukifanya kazi ya kibarua aliyekata tamaa. Kiungo kisichoandikwa leo ni shimo atakalochimba mwenzako kesho.

TUNACHODAI

Kwa hiyo maoni yetu ni haya:

1. Kikundi kisitumwe kuchimba kwa namba tupu. Kiongozi wa kikundi apewe mchoro wenyewe, pamoja na urefu wa mpigo uliotumika na namba ya kioo iliyowekwa.

2. Waya upimwe kutoka pande zote mbili kila inapowezekana, kwa mipigo ya urefu tofauti, na kwa waya mrefu wa kutangulizia ili kilele cha mashine yenyewe kisifunike mwanzo wa njia. Umbali wa pande mbili ujumlishwe. Jumla isipofikia urefu wa njia nzima, basi kuna kipande katikati kilichokatika huku na huku, na kikundi kijiandae kwa mikatiko miwili kabla ya kuondoka, badala ya kurudi mara ya pili.

3. Michoro ya siku waya ulipokuwa mzima ihifadhiwe hapa kaskazini, mahali tunapofanya kazi. Kilele kilichokuwapo tangu mwanzo si ubovu wa leo, lakini bila mchoro wa zamani hakuna awezaye kulijua hilo.

4. Kila kikundi kipewe vitambaa, spiriti na darubini ndogo ya kukagulia konekta. Vitu hivi ni rahisi kuliko safari moja ya bure yenye msafara.

5. Mafunzo ya kusoma mchoro yatolewe katika saa za kazi, kwa malipo, na kwa lugha ambazo watu wanazisema.

6. Mfanyakazi asikatwe mshahara wala kuonywa kwa ushahidi wa mchoro mmoja. Sheria ya Kazi namba 13 ya mwaka 2023, kama ile namba 23 ya mwaka 2007 iliyoitangulia, inataka mfanyakazi apewe mashtaka kwa maandishi na nafasi ya kujibu. Tunaongeza kwamba mchoro unaotumika kumshtaki lazima naye aone, na mwakilishi wa chama awepo unaposomwa. Wako waliolaumiwa kwa "kiungo kibaya chenye kilele" wakati kiungo kilichoyeyushwa kwa kawaida hakitoi kilele, na kilichoonekana kilikuwa konekta ya kituo isiyo mikononi mwao kabisa.

Hata huko baharini mambo ni hayo hayo. Tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao dhaifu. Meli ya matengenezo haiondoki bandarini kwenda kubahatisha. Mahali pa ubovu hupimwa kwanza kutoka nchi kavu, na meli huelekezwa huko. Kama uangalifu huo unafaa kwa meli, kwa nini usifae kwa watu sita na gari moja kwenye njia ya Palma?

Ndugu wafanyakazi, hatupingi mashine. Fundi hapingi chombo chake. Tunachopinga ni chombo kuwa mali ya meza na shimo kuwa mali yetu. Kuanzia sasa, mtu akikupa namba ya kilomita, mwombe mchoro. Akikuonyesha kilele, muulize kama mstari unashuka baada yake, kama kuna kingine kwenye nusu ya umbali, na kama konekta zimefutwa. Maswali hayo matatu hayahitaji cheti. Yaulizwe kwa adabu, na yaulizwe kila siku, mpaka yawe desturi ya kazi.

Mapambano yanaendelea.